Kufunga winchi mwenyewe nyumbani kwenye mkonga, hatua kwa hatua

Wakuu habari za huko. Masika yakikaribia simu yangu inaanza kuita na swali ni lilelile, "nimepata winchi, naifungaje?", yaani ile mashine ya umeme ya mbele ya gari inayovuta kamba kukutoa ukinasa. Sasa badala ya kurudia kila siku naandika yote mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii usome.

Mi sio fundi wa gereji. Nalima mpunga bonde la Kilombero, gari yangu ni Land Cruiser mkonga HZJ78, injini 1HZ ile ya lita 4.2, na njia ya kwenda shamba kuanzia Machi mpaka Mei anayeijua anaijua, udongo mweusi wa mbuga ukinywa maji unakuwa sabuni juu na gundi chini, gari inateleza weee alafu ikitulia tu imenasa. Nimefunga winchi mbili kwa mkono wangu. Ya kwanza nilifunga vibaya, ya pili ndo iko mwaka wa nne saivi na haijanisumbua.

Ile ya kwanza niseme kabisa ili mjue naongea nini. Nilikuwa na ngao ya mabomba mbele ya gari, zile za urembo, fundi wa kuchomelea akaniwekea bati la milimita 3 katikati, tukafunga winchi juu yake, ikapendeza kweli. Siku ya kwanza nimenasa mpaka ekseli nikafunga kwenye mwembe nikabonyeza, winchi ikavuta vizuri tu ila gari haikutoka, ilitoka ngao. Bati lilikunjuka kama mfuniko wa kopo la samaki. Hapo ndo nilielewa kuwa winchi haikamati gari, winchi inakamata pleti, na pleti ndo inakamata gari, kwaiyo hela na muda wako mwingi viende kwenye pleti na kwenye nyaya za umeme. Winchi yenyewe ni kazi ya bolti nne tu.

Tuanze na ukubwa. Winchi zinaandikwa kwa paundi, ya 9500 ni kama kilo 4,300 na ya 12000 ni kama kilo 5,440. Hesabu inayotumika ni uzito wa gari ikiwa imejaa zidisha moja na nusu. Imejaa maana yake na mafuta, watu, mbolea, tairi la akiba na huo upuuzi wote ulioko nyuma, sio uzito wa kwenye karatasi za gari tupu. Mkonga ikibeba kidogo tu inagusa tani 3, zidisha moja na nusu unapata 4,500, kwaiyo 9500 inakuwa imepungua kidogo na ndo maana wengi wenye Land Cruiser na Defender wanaishia kwenye 12000. Suzuki Jimny haihitaji mzigo huo, utaiinamisha pua bure.

Alafu kuna kitu wauzaji hawakwambii. Hiyo namba kubwa iliyoandikwa ni nguvu ya safu ya kwanza ya kamba, ile iliyogusa dramu yenyewe, yaani ule mtungi unaozunguka na kukunja kamba. Kadiri kamba inavyojikunja juu ya nyingine dramu inakuwa nene na nguvu inapungua kila safu, ukifika safu ya juu kabisa unaweza kuwa umepoteza theluthi nzima. Kwaiyo ukifunga kwenye mti ulio mita tano mbele yako huku kamba yote imejaa kwenye dramu, hauna winchi ya 12000 hapo.

Kabla hujalipa hela fungua boneti uangalie volti. Hili limewaumiza watu. Land Cruiser zenye betri mbili sio zote volti 24, nyingi za huku kwetu ni 12 na zile betri zimeungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ila zipo zilizotoka Japani kwa matumizi ya Japani, za dizeli, ambazo chanya ya betri moja imeenda kwenye hasi ya nyingine, hizo zinapata 24. Pima na mita kama huna uhakika. Ukikuta 24 nunua winchi ya 24, usije ukadanganywa kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili, hiyo moja itakuwa inakamuliwa peke yake na nyingine inachajiwa kupita kiasi, mwisho zinakufa zote.

Kamba ziko mbili, waya wa chuma na ile ya sintetiki, yaani ya nyuzi za plastiki. Waya wa chuma unavumilia jua, mchanga na kusuguliwa na mawe, na bei ni nafuu, ila ni mzito, unatoa vijisindano vinavyochoma mkono, na ukikatika ukiwa umevutwa unarudi kama upanga. Sintetiki ni nyepesi, ukizama mtoni inaelea, ikikatika haina hasira kama chuma, lakini jua linaila taratibu na matope yenye mchanga yanaisaga ndani kwa ndani. Mi natumia sintetiki ya milimita 10 na naifunika turubai dogo gari ikiwa imepaki. Ukichagua sintetiki basi ule mdomo wa mbele inapotokea kamba uwe ile pleti ya alumini iliyolainishwa kingo, usiweke rola za chuma ambazo zimeshatumika na waya, zinakuwa na mikwaruzo na inakata kamba kama msumeno. Ukichagua waya, weka rola.

Sasa pleti. Kwenye mkonga raha yake ni kwamba chesisi inakuja mbele kabisa pande zote mbili, bampa ya chuma ya asili ukiitoa unaziona zile ncha mbili na matundu yake. Winchi inatakiwa ikae kwenye kitu kilichofungwa hapo kwa bolti, kushoto na kulia, sio kwenye bampa ya asili na sio kwenye mabomba. Kama una hela nunua ngao iliyotengenezwa maalum kwa modeli ya gari yako na yenye kitanda cha winchi ndani, unafungua boksi unafunga umemaliza. Kama huna hela kama mimi, tengeneza kitanda cha pleti ya milimita 6, isiwe chini ya hapo, yenye mkunjo mbele na nyuma ili isipinde, na masikio mawili yanayoingia kwenye chesisi. Gari yenye eabegi, nazungumzia Prado na Hilux za karibuni, usibuni kitu, tafuta iliyotengenezwa kwa gari hiyo, maana sehemu ya mbele imepangwa ijikunje kwa namna fulani na sensa zinasoma huo mkunjo.

Vipimo vya matundu usivikadirie kwa macho. Winchi nyingi za kuanzia 8000 mpaka 12000 zina miguu yenye matundu manne, upana inchi 10 na kina inchi 4.5, yaani milimita 254 kwa 114.3. Mdomo wa kamba nao matundu yake mawili yamepishana milimita 254. Ila bado weka winchi juu ya karatasi ya boksi, chora matundu yake, kata, ndo upeleke kwa wa kuchomelea kama kielelezo, maana nimeshaona winchi moja ya bei rahisi imepishana milimita 3 na ukilazimisha bolti kuingia kwa nyundo umeshaharibu. Toboa pia matundu mawili matatu madogo chini ya pleti ili maji yasitulie, alafu piga redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) na rangi KABLA ya kufunga, ukishafunga hutoitoa tena, tunajuana.

Kingine kuhusu pleti, mwambie fundi achomelee pande zote mbili za kila kiungo na asifiche mashimo kwa rangi. Gonga, angalia, uliza. Ukiona anachomelea vidoti vidoti alafu anasaga na grinda ili ionekane laini mwambie arudie, sehemu hii itabeba zaidi ya tani tano, sio geti la nyumba.

Bolti za winchi kawaida ni M10 na juu ya kichwa ziandikwe 8.8. Zile za madukani zisizo na namba yoyote ziache, hazijulikani ni chuma gani. Nyingi zinakuja na nati za mraba zinazoingia kwenye vijishimo vya miguu ya winchi, unaingiza nati, unapitisha bolti kutokea chini ya pleti pamoja na springi washa. Hakikisha bolti imepita nati yote, uzi mmoja au miwili ionekane, na pia isiwe ndefu mpaka ikagonga mwisho kabla haijabana, hapo utadhani umekaza kumbe hamna kitu. Kaza zote nne kwa vidole kwanza, alafu kwa zamu za msalaba mpaka niutoni mita 45 hivi kama una spana ya toki, ile inayopima umekaza kiasi gani. Kama huna, tumia soketi ya 17 na mkono wako wa kawaida, usiweke bomba kurefusha spana, M10 inakatika we ukiwa unajiona una nguvu.

Lakini ngoja, kabla ya kukaza fanya jaribio bila bolti. Iweke tu juu, ukiwa na mwenzako maana na kamba yake inafika karibu kilo 40 na mgongo hauna speapati, alafu jiulize mkono wangu utafika kwenye kishikio cha klachi? Ile liva ndo inayoachia dramu izunguke huru ukivuta kamba kwa mkono. Mara nyingi unakuta ngao imeifunika na huwezi kuigeuza. Winchi nyingi unaweza kufungua bolti za pembeni kwenye upande wa gia, ukazungusha kile kichwa mpaka liva ikae juu au mbele, ukarudisha. Fanya hivyo winchi ikiwa mezani na imesimama wima, gia zikiangalia juu, ukivuta kichwa kwa pupa zile gia za sayari zinamwagika na utashinda jioni nzima unapanga. Usiulize nilijuaje.

Angalia pia kamba inatokea upande upi. Inatakiwa itoke kwenye dramu upande wa miguu ya winchi, yaani ukiwa umeilaza miguu chini kamba inatokea chini ya dramu, sio juu. Kuna mtu alifunga, akabonyeza kuvuta, ikaachia, akasema ah basi nitaikunja upande mwingine itakuwa sawa. Sio sawa! Breki ya ndani ya winchi nyingi inashika upande mmoja tu, ukikunja kinyume gari ikiwa kwenye mlima breki haishiki na unarudi nyuma na kamba mkononi. Kama IN (kuvuta) na OUT (kuachia) zimebadilishana tatizo lako ni nyaya za mota, sio kamba.

Haya umeme, na hapa naomba usome polepole.

Winchi ya 12000 ya volti 12 ikivuta mzigo wa mwisho inakula zaidi ya ampia 400. Linganisha na alteneta, ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo, maana yake sehemu kubwa inatoka kwenye betri, kwaiyo betri iwe na afya, juu yake iandikwe CCA (ampia za kuwashia injini kwenye baridi) 650 kwenda mbele. Na nyaya ziwe nene. Wale wanaokuuzia waya wa 16 wanakwambia "hii inatosha mkuu" nakupigia hesabu. Tuseme kwenda na kurudi ni mita 3. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kwenye ampia 400 unapoteza kama volti 1.3 njiani na joto linalotoka ni zaidi ya wati 500, nusu ya pasi ya umeme imelala juu ya fenda yako. Wa 35 unapoteza 0.6. Wa 50 unapoteza 0.4. Mi nimeweka 50, bei iliniuma wiki moja tu. Na hakikisha ni shaba kweli, kuna zile za aluminiamu zilizopakwa rangi ya shaba, kwaruza kwa kisu ukiona nyeupe ndani rudisha dukani.

Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya haidroliki, wenye maduka ya nyaya za sola wanayo na wanakubania kwa hela ndogo. Kugonga na nyundo au kubana na plaizi hakufai kwa ampia hizi, kiungo kikilegea kidogo tu kinawaka moto. Alafu visha kila kichwa ule mpira unaosinyaa kwa moto.

Mpangilio wenyewe hauna uchawi. Kuna kisanduku cha solenoidi, yaani swichi za umeme mkubwa zinazowashwa na rimoti, kwenye winchi nyingine kiko juu yake na nyingine unakifunga pembeni. Kutoka kwenye kisanduku kuna nyaya tatu nene za kwenda kwenye mota, na kwenye mota kuna stadi (bolti za kufungia nyaya) zimeandikwa F1, F2 na A. Fuata maandishi, usifuate rangi, kila kampuni ina rangi zake. Kwenye mwili wa mota, chini mara nyingi, kuna stadi nyingine ya hasi. Huo waya wa hasi upeleke moja kwa moja mpaka hasi ya betri, usiishie kwenye bodi wala chesisi, kutu na rangi ndo vinafanya winchi iwe inavuta kizembe siku ya shida. Stadi za mota shika nati ya chini kwa spana moja huku unakaza ya juu kwa nyingine, stadi ikizunguka inakata waya ndani na mota imeisha.

Waya wa chanya upitishe kwenye swichi kubwa ya kukata umeme, ile ya kuzungusha kwa funguo nyekundu, iwe inabeba ampia 500 kwa muda mfupi na iwe karibu na betri kadiri unavyoweza, sio karibu na winchi. Sababu ni hii, waya huo mnene hauna fyuzi kwenye winchi nyingi, siku ukigonga mbuzi au mti na waya ukabanwa kwenye chuma, betri nzima inamwagika hapo na gari inaungua. Swichi ikiwa imezimwa muda wote ambao hauvuti, waya wa mbele unakuwa mfu. Faida ya pili, hakuna mtoto wa mtaa atakayechezea winchi yako ukiwa dukani.

Njia ya nyaya iwe mbali na manifodi ya egzosti, mbali na feni na mikanda, zivae bomba la plastiki la mikunjo, kila zinapopita kwenye tundu la bati weka mpira wa tundu, na zifunge kwa zipu kila kama sentimita 20. Kwenye 1HZ betri iliyo upande usio wa egzosti ndo rahisi, ila usinunue waya kabla ya kupima kwa kamba ya manila njia nzima na kona zake, mi nilikadiria kwa jicho ukapungua sentimita 15 nikanunua upya.

Mpangilio wa kufunga betri tunaujua lakini narudia, ukianza kazi toa hasi kwanza, ukimaliza rudisha hasi mwisho. Vua pete na saa. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inakuwa rodi ya kuchomelea.

Umeshaunga, washa injini, washa swichi, kamba ikiwa haina mzigo bonyeza OUT sekunde mbili, alafu IN. Ikienda kinyume zima swichi, badilisha waya wa F1 na F2 kwenye mota, jaribu tena. Gusa vichwa vyote kwa mkono baada ya jaribio, chenye joto ndo kilegevu.

Kamba sasa, sehemu ambayo karibu wote wanairuka. Kamba ikitoka dukani imekunjwa kwenye dramu bila mzigo, imelegea. Ukivuta gari siku ya kwanza hivyo hivyo, safu ya juu inazama katikati ya zile za chini inajikaba, kuitoa utaita ukoo mzima. Tafuta uwanja wenye mwinuko mdogo sana, funga kamba kwenye mti au gari nyingine, toa yote bakiza mizunguko mitano kama ni waya, na minane mpaka kumi kama ni sintetiki. Hiyo mizunguko ni ya lazima wakati wote, ile skrubu au kibanio cha mwisho wa kamba kwenye dramu hakibebi mzigo, mizunguko ndo inabeba. Alafu gari ikiwa nyutro, na mtu amekaa kwenye usukani anagusa breki kidogo kidogo, jivute mwenyewe mpaka juu taratibu huku we unaangalia kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake. Mikono iwe mbali na mdomo, usielekeze kamba kwa kidole. Glavu vaa za ngozi, tena zile nene.

Baada ya hapo piga hesabu ya mbele ya gari. Mi kabla ya kazi nilipima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda, baada ya ngao na winchi ilikuwa imeshuka karibu sentimita 2 na nusu. HZJ78 mbele ni koili, nikaweka springi za mbele ngumu zaidi, ikarudi. Usipofanya gari inakuwa inakula tairi na taa zinaangalia chini. Na namba ya gari kama imefunikwa na winchi ihamishe juu ya ngao, trafiki hana muda wa kusikiliza habari za winchi.

Vifaa vya kuwa navyo ndani ya gari, mkanda mpana wa kuzungushia mti, shekeli (pingu za chuma za kuungia) mbili za tani 4.75, kapi, glavu, na kitu kizito cha kulaza juu ya kamba, hata blanketi au jaketi lenye maji ili ikikatika isiruke. Kamba usiizungushe kwenye mti ukaingiza ndoano kwenye kamba yenyewe, unaua kamba na unaua mti.

Kapi wengi wanaiona urembo. Watu wa kuokoa magari wanahesabu hivi, ukizama kimo cha tairi unahitaji nguvu sawa na uzito wa gari, ukizama mpaka kwenye fenda mara mbili. Mkonga ya tani 3 mpaka kwenye fenda ni tani 6, winchi ya 12000 ina tano na nusu, na hiyo ni safu ya kwanza. Funga kapi kwenye mti, rudisha ndoano kwenye chesisi yako, nguvu inakuwa karibu mara mbili na mwendo unapungua nusu, ampia nazo zinashuka, betri inashukuru. Na chimba kwanza jamani, koleo dakika kumi mbele ya tairi inaokoa mengi.

Wakati wa kuvuta injini iwe inanguruma kama mizunguko 1500 kwa dakika, vuta nusu dakika mpaka dakika moja, pumzisha, gusa mota, ikiwa ya moto mkono haukai subiri. Watu wote wawe mbali kuliko urefu wa kamba iliyovutwa, na boneti iwe wazi ikukinge kioo kama unavuta ukiwa ndani.

Swali la mwisho huwa ni pale tambarare mashambani ambapo hamna mti hata wa dawa. Toa tairi la akiba, chimba handaki la kufika kiunoni hivi mbele ya gari, chimba na mfereji mwembamba wa kamba unaoshuka kutokea upande wa gari, simamisha tairi wima liangalie gari, pitisha mkanda kwenye tundu la rimu na ufunge kwenye kipande cha bomba nene kilicholala nyuma ya rimu, fukia na ukanyage vizuri. Nimetoka mara mbili kwa njia hiyo. Kulitoa lile tairi baadaye ndo kazi, mara ya pili tulilivuta kwa winchi hiyohiyo.

Ukirudi nyumbani osha kamba kwa maji matupu, ivute yote nje ikauke, irudishe na mzigo kidogo, na baada ya kilomita 50 za kwanza pita na spana kwenye bolti zote, za winchi na za chesisi. Mi moja ya chesisi ilikuwa imelegea nusu mzunguko.